Jua la Kuanikia Godoro

Mwezi wa nne ukiingia Dar es Salaam, unyevu hujitangaza nyumba nzima. Chumvi inashikana mabonge ndani ya kopo. Kiberiti kinasuguliwa mpaka kichwa kinamong'onyoka na moto haujawaka. Mlango wa mbao uliokuwa ukifunga vizuri tangu Januari unagoma, na viatu vya ngozi vilivyosahauliwa kabatini vinaota kuvu. Hivi vyote tunaviona, tunavifuta, tunavilalamikia. Godoro halilalamikiwi kwa sababu halionekani. Limetandikwa shuka iliyofuliwa na kupigwa pasi, mito imepangwa, na chini ya unadhifu huo linakunywa jasho letu kwa juu na hewa ya masika kwa pembeni, usiku hadi usiku.

Watu wa pwani usafi wetu ni maji. Tunadeki asubuhi, tunafua, tunaoga tukiamka na tunaoga tena kabla ya kulala, na chombo kikichafuka jibu liko kwenye ndoo. Godoro ndilo kitu kikubwa pekee chumbani kinachokataa jibu hilo. Mwagia maji godoro la sponji la inchi nane mwezi wa Mei, lisugue kwa sabuni ya unga na brashi mpaka povu liishe weusi, kisha liegemeze ukutani. Kitambaa cha juu kitakauka kesho kutwa na utafurahi. Katikati yake maji yatakaa wiki nzima, na ukililalia utakuwa unalala juu ya kitalu cha kuvu ulichokimwagilia mwenyewe. Mimi nasema usafi wa godoro ni ukavu, mengine yote yanafuata nyuma. Na ukavu una ugumu wake hapa kwetu: hauuzwi kwa dumu wala hauletwi na bodaboda.

Ndani ya godoro wamo wakazi tusiowaona. Utitiri wa vumbi la nyumbani ni mdudu wa kama theluthi moja ya milimita, hana macho, hamng'ati mtu, na chakula chake ni magamba ya ngozi tunayoyapukutisha usingizini. Kwa muda mrefu madaktari walijua kwamba vumbi la nyumba huamsha pumu bila kujua ni kitu gani hasa kilichomo vumbini. Mwaka 1964 watafiti wa Leiden, Uholanzi, wakiwamo Reindert Voorhorst na Frits Spieksma, walionyesha kwamba ni mdudu huyu, na wakaona pia kwamba nyumba zenye unyevu ndizo zenye utitiri mwingi. Kinachomdhuru mtu ni kinyesi chake, ambacho hupanda hewani kila tunapojigeuza kitandani. Mimi kinachonishangaza zaidi ni namna anavyopata maji. Haendi kuyatafuta popote. Huyavuta kutoka kwenye hewa yenyewe, kwa mwili wake. Hewa ikishuka chini ya asilimia 50 ya unyevu ikakaa hapo wiki kadhaa, mdudu ananyauka na kufa. Asubuhi ya Dar es Salaam mara nyingi inapita asilimia 80. Kwa hesabu hiyo, mtu wa Dodoma na mtu wa Tanga wakinunua godoro la aina moja, duka moja, siku moja, baada ya miaka mitatu watakuwa wanalalia vitu viwili tofauti kabisa, hata kama wote wawili ni wasafi.

Kuvu nayo ina sheria zake, na mahali pazuri pa kuzisoma ni chumba cha kupanga cha kijana anayeanza maisha. Tunakijua chumba hicho: godoro la nne kwa sita chini sakafuni, begi pembeni, ndoo mbili, mtungi mdogo wa gesi, nguo zimening'inia kwenye misumari. Inua pembe ya godoro lile asubuhi moja ya masika. Saruji ya chini yake ina alama nyeusi ya maji yenye umbo la mtu, pana mabegani, nyembamba kuelekea miguuni. Kitambaa cha chini kimepigwa vidoa vidogo vyeusi, vingi zaidi pale palipo na kiuno na mgongo, na ukipitisha kidole vinapakaa kama masizi. Hakuna aliyemwaga kitu. Joto la mwili na jasho vimeshuka usiku kucha kupitia sponji, vikakutana na saruji ya baridi, na mvuke ukageuka maji palepale, kwa kuwa haukuwa na pa kwenda. Kijana huyu anaoga, anafua shuka kila Jumapili, na anaamka na mafua ambayo anadhani ni ya hali ya hewa. Dawa yake si ghali. Mbao za paleti zinazouzwa kwa mafundi seremala, au chaga chache juu ya matofali, zinatosha kuliinua godoro kimo cha kiganja, na kiganja hicho cha hewa kinafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kupulizia.

Halafu kuna nailoni. Godoro jipya likitoka dukani limevikwa nailoni, na nyumba nyingi haivuliwi. Nimeona kitanda cha miaka mingi bado kimevaa nailoni ya kiwandani, imechanika pembeni, imekuwa ya njano, na juu yake shuka zinateleza kila mtu akijigeuza. Nawaelewa wanaoiacha. Pesa ya godoro la tano kwa sita imetoka kwenye kibubu, au kwenye mchezo wa kina mama, zamu imesubiriwa muda mrefu, na mtu anataka kitu chake kibaki kipya. Lakini jasho la usiku likifika kwenye nailoni linakwama hapo, kati ya plastiki na shuka, na mlalaji anaamka mgongo umelowa akiilaumu feni. Unyevu uliokwisha kuingia ndani kwa pembeni nao hauna njia ya kutoka. Nailoni inatunza bei ya godoro na kuliharibia kazi. Ukitaka kulilinda, shona foronya kubwa ya pamba ya kulivisha zima, yenye zipu, uivue na kuifua. Maji ya moto ya nyuzi 60 yanaua utitiri wote uliomo kwenye kitambaa.

Bibi zetu walilala juu ya hewa. Kitanda cha kamba kilikuwa na tendegu nne, mifumbati miwili, vitakizo viwili, na katikati kamba za makumbi ya nazi zilizowambwa zikakazwa mpaka zikalia ukizigonga. Juu ya kamba uliwekwa mkeka, au godoro jembamba la sufi kwa mwenye uwezo. Upepo wa baharini uliopita dirishani ulipita pia mvunguni, ukapanda katikati ya kamba, ukamfikia mlalaji kwa chini. Leo tunanunua kitanda cha boksi chenye droo pande zote, kinachofika sakafuni, na kinachovutia sana dukani kwa muuzaji. Mvungu umezibwa. Na hata penye mvungu, sisi wenyewe tunauziba: masanduku, mifuko ya nguo za mwaka juzi, ndoo ya mchele, redio iliyokufa. Kitu cha kwanza cha kufanya kwa ajili ya godoro hakihusu godoro lenyewe. Ni kuinama na kutoa vitu mvunguni.

Sufi inastahili neno la ziada, maana imetoweka majumbani haraka mno. Misufi bado imesimama Tanga, Unguja na Pemba, mirefu, yenye matawi yaliyonyooka pembeni kama mikono ya askari wa usalama barabarani, na matunda yakipasuka sufi inapeperuka barabarani bila wa kuiokota. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani na nta kwa nje, kwa hiyo hauyapendi maji. Ndiyo maana kabla ya plastiki za kisasa ulijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Kwa nchi yenye unyevu huu, ilikuwa ni bahati kupewa mti unaozaa kitu kinachokataa maji. Kasoro yake ni kwamba hugandamana. Kila baada ya muda godoro la sufi lilifumuliwa mshono upande mmoja, sufi ikatolewa, ikamwagwa juani kwenye jamvi, ikachambuliwa kwa vidole mpaka ikafura tena, kitambaa kizito cha mistari kikafuliwa na kukaushwa, kisha kila kitu kikarudishwa na kushonwa kwa sindano ndefu. Ngamiani, Tanga, nilikokulia, ilikuwa kazi ya siku nzima, na watoto walifukuzwa jirani kwa sababu manyoya ya sufi yanaingia puani na kooni.

Simaanishi turudi huko. Sponji ni laini zaidi, ni nyepesi kuhamisha, na haifanyi mabonge chini ya mbavu. Ninachokililia ni ule mshono. Godoro la sufi lilifunguliwa, mtu akaona alichokuwa akikilalia, akakipiga jua, akakifunga. Godoro la sponji limefungwa kiwandani na hatutaliona ndani mpaka siku litakapotupwa. Tumenunua ulaini na tumeuza haki ya kukagua.

Kitanda cha kamba nacho kilikuwa na wapangaji wake. Waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake walikuwa wanazungumza mambo ya ndoa na jirani, ila kunguni waliwajua kwa ngozi. Walijificha penye mafundo ya kamba na kwenye matundu ya tendegu, na dawa ilikuwa kukitoa kitanda uani, kuchemsha maji mpaka yatokote, na kuyamimina polepole kwenye kila kiungio huku mtu mwingine akigonga ubao kwa kipande cha kuni. Walioelea waliondoka na maji. Wengine walitumia mafuta ya taa, na wapo wanaotumia mpaka leo, kwenye sponji, chumba kimoja na jiko. Hilo nalikemea waziwazi: sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Ila kunguni asichanganywe na unyevu wala na uchafu. Yeye anafuata joto la mwili na pumzi ya mtu aliyelala, na nyumba ya tajiri inavyo vyote viwili. Husafiri kwenye begi, kwenye kochi la mtumba, kwenye mshono wa godoro la mtumba lililoshushwa bandarini na kuuzwa kwa sifa ya springi za Ulaya. Mwaka 2023 Paris ilihangaika naye mpaka serikali ya Ufaransa ikaitisha vikao, wakati jiji linajiandaa kwa Olimpiki. Dawa ya wadudu ya DDT ilidhaniwa imemmaliza baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini kufikia 1947 walikuwa wameshaonekana kunguni wa Hawaii wasioisikia. Na hapa lazima niseme jambo ambalo wapenda jua wenzangu hawalipendi: jua la uani halimwui kunguni aliye ndani ya godoro nene. Upande wa juu ukipata moto, yeye anahamia upande wa kivuli na kusubiri jioni. Anaweza kukaa miezi bila kula. Kwake inahitajika joto la nyuzi 50 lifike kila pembe alipo, nguo za kitandani zichemshwe, mishono ikaguliwe kwa tochi, na kazi irudiwe baada ya wiki moja au mbili, mayai yaliyobaki yatakapokuwa yameanguliwa.

Kunguni na mkojo ndivyo vilivyolitia godoro aibu. Likionekana nje, mtaa una maswali mawili tu: nani kakojoa, au wameingia kunguni? Mtoto kikojozi anajua adhabu ya godoro lililoegemezwa ukuta wa mbele, lenye ramani katikati, huku wenzake wakipita kwenda shule. Wapo wazazi waliolitoa makusudi ili aibu imfundishe. Haimfundishi chochote, maana mtoto haamui kukojoa akiwa amelala. Inachofanya ni kumfundisha kuficha: anaamka alfajiri, anageuza godoro upande wa pili, anatandika, na mkojo unabaki chini ukioza. Wakubwa nao wamejifunza somo lilelile. Nyumba kadhaa ninazozijua godoro halijawahi kuliona jua kwa sababu mama mwenye nyumba hataki majirani waanze kuhesabu.

Kwa nyumba ya Kiislamu inayochunga twahara kuna mzigo wa ziada, nao si mdogo. Mkojo ni najisi, na kukauka kwake hakufanyi mahali pawe twahara. Maji lazima yapite. Kwa hiyo godoro hilohilo linalodhurika kwa maji linadai maji. Nimewaona kina mama wakilitatua hili kwa akili kuliko kwa nguvu. Wanaanza kwa kukandamiza taulo kavu mpaka limevuta kiasi kinachovutika. Kisha wanapitisha maji palepale palipolowa, kidogo, na kuyavuta tena kwa taulo lingine. Wengine huongeza siki iliyozimuliwa ili kuua harufu. Halafu godoro linasimamishwa kwa ubavu na feni inaelekezwa pale, karibu, kwa saa nyingi. Bora zaidi ni kutofika huko: mtoto alazwe kwenye kigodoro chake chembamba, juu ya mpira, na juu ya mpira kitambaa kizito cha pamba. Chembamba hukauka kwa mchana mmoja.

Na udi? Pwani yote chumba cha kulala hufukizwa, chetezo kikazungushwa pembe zote, asumini zikamwagwa kitandani pakiwa na sababu. Naupenda udi kama mtu mwingine yeyote wa Tanga. Lakini udi juu ya uvundo unazaa harufu ya tatu ambayo kila mgeni anaitambua na hakuna anayeitaja. Fukiza baada ya kuanika.

Kuanika penyewe kuna msimu na kuna adabu. Mwaka wetu una dirisha zuri, kipupwe, Juni mpaka Agosti, anga liko wazi na upepo wa kusi umekauka kiasi. Hapo godoro litoke asubuhi jua likishapanda, umande umekwisha. Lisimamishwe juu ya viti viwili ili hewa ipite pande zote, lipigwe kwa fimbo laini vumbi liruke upande wa upepo, ligeuzwe mchana, liingizwe kabla ya saa kumi, maana jioni ya pwani hurudisha unyevu uleule uliouondoa. Sponji iliyo wazi isikae juani siku nzima, itakuwa njano na kumeguka. Yenyewe inataka kivuli chenye upepo. Ikirudi ndani, kichwa kiende miguuni. Na kila asubuhi ya mwaka mzima, usitandike mara unapoamka. Kunja shuka mpaka miguuni, fungua dirisha, nenda kaoge, kunywa chai. Tulifundishwa kwamba kitanda kisichotandikwa ni uvivu, kumbe kukitandika kikiwa na joto la mwili ni kulifungia jasho ndani.

Masika ni habari nyingine. Jua la masika linakuja kwa vipande, saa moja hapa, nusu saa pale, na linahitaji watu. Nyumba za kupanga za Magomeni, Dar es Salaam, zenye uani wa pamoja zilikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Magodoro yanatoka, yanapangwa ukutani, kila mtu anaendelea na shughuli zake, na sikio moja linabaki juu. Wingu likikaribia, anayeliona kwanza anapaza sauti.

“Jamani mvua hiyo! Shoga, godoro lako!”

“Niko jikoni, nishikie upande!”

Godoro la tano kwa sita halibebwi na mtu mmoja kwenye mlango mwembamba, kwa hiyo jirani anashika upande mmoja, na kwa sekunde chache anaona yote: doa la mtoto, doa la damu ya hedhi, shimo lililochongwa na mgongo wa mzee. Anaingiza, anaegemeza, anatoka kwenda kushika la mwenzake. Aibu niliyoitaja huko juu inakufa kwenye uani wa namna hii, kwa sababu kila mmoja amekwisha kuliona la kila mmoja.

Uani huo unaondoka. Magomeni, Sinza, Kariakoo, nyumba ya vyumba sita yenye ua inavunjwa na kupanda ghorofa, na mpangaji anapewa jiko la vigae, choo cha ndani, na kibaraza kisichotosha hata kapeti la mlangoni. Dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani. Mwenye kiyoyozi ana nafuu, kwa kuwa mashine hiyo hukausha hewa inapoipoza, ilimradi aweze kuilisha umeme. Wengine wanabaki na feni na dirisha. Na wakati huohuo, juu ya vichwa vyao, lipo paa bapa la zege lenye matangi ya maji, linalopigwa na jua tangu asubuhi mpaka magharibi, tupu, nyuma ya mlango wa chuma ambao ufunguo wake anao mlinzi.

Mwenye nyumba, huo ufunguo utoe. Jenga ukingo wa kufika kifuani ili watoto wasianguke, funga waya nne nene, weka benchi mbili za mbao. Wapangaji watapangana zamu wenyewe, Jumamosi hawa, Jumapili wale, na mvua ikija watashikiana. Kodi yako haitapungua hata shilingi.